Nani ashurutishwe, na ndani ya saa ngapi? Ulinganisho wa sheria za kuondoa picha za faragha zilizosambazwa bila ridhaa

Watu wengi husema kwamba picha za fulani "zimevuja", kana kwamba ni maji yaliyotoboa bomba pasipo mkono wa mtu. Neno hilo linamficha aliyezituma. Wengine huziita "picha chafu", na uchafu huo huishia kumpaka aliyepigwa picha badala ya aliyezisambaza. Katika makala haya nitatumia maneno marefu lakini ya haki zaidi: picha za faragha zilizosambazwa bila ridhaa, ziwe zilipigwa kwa hiari na kutumwa kwa mpenzi aliyeaminiwa, zilipigwa kwa siri, ziliibwa kwenye simu, au zilighushiwa kwa akili mnemba na kubandikwa sura ya mtu ambaye hakuwahi kuvua hata kitambaa cha kichwa mbele ya kamera.

Wabunge, wanasheria na watetezi wa haki wanaotaka majukwaa ya mtandaoni yawajibike kwa picha hizo wana mifano kadhaa ya kuchagua, na mifano hiyo haifanani kama inavyodhaniwa. Nimeipima kwa hali moja. Mtu anagundua usiku kwamba picha yake iko kwenye majukwaa matatu, na kiungo chake kinazunguka katika makundi ya gumzo. Je, sheria husika inamfanyia nini kabla ya siku mbili kwisha, na ni nani anayelazimishwa kutenda? Kipimo hiki nimekichagua kwa kuwa kila saa inayopita huzaa nakala mpya: mmoja anapakua, mwingine anapiga picha ya skrini, wa tatu anaipandisha kwenye tovuti nyingine kwa jina jingine. Hukumu itakayotolewa baada ya miaka miwili ina thamani yake, lakini haiwezi kuzikusanya nakala hizo.

Sheria ya jinai peke yake

Njia ya zamani zaidi ni kumwadhibu msambazaji na kuliacha jukwaa kando. England na Wales zilianza hivyo mwaka 2015, kwa sheria iliyomtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba mtuhumiwa alikusudia kumtia mwathiriwa katika dhiki. Aliyesambaza ili ajisifu mbele ya rafiki zake, au kwa ajili ya pesa, aliweza kuponyoka kwa kusema kwamba hakukusudia kumuumiza mtu. Pengo hilo lilizibwa na Sheria ya Usalama Mtandaoni ya 2023, na tangu tarehe 31 Januari 2024 kosa la msingi ni kusambaza bila ridhaa na bila sababu ya maana ya kuamini kwamba ridhaa ipo, huku nia ya kudhalilisha au ya kujipatia starehe ya kimapenzi ikiongeza adhabu hadi kifungo cha miaka 2.

Umoja wa Ulaya nao, kwa maelekezo yake ya 2024 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, umezipa nchi wanachama hadi tarehe 14 Juni 2027 kulifanya tendo hilo kuwa kosa la jinai. Hata hivyo maelekezo hayo yanadai kwamba picha iwe imewekwa wazi kwa umma na kwamba tendo lenyewe laelekea kuleta madhara makubwa. Masharti hayo mawili yanaweza kumwacha nje mtu aliyeituma picha kwa mzazi au mwajiri wa mwathiriwa peke yake, ilhali kwa wengi huo ndio uchungu mkubwa kuliko wote. Korea Kusini imekwenda mbele zaidi: tangu 2024, hata kumiliki, kununua au kutazama kwa makusudi picha za ngono zilizoghushiwa kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 3.

Sheria ya jinai inahitajika, na sioni hoja ya kuiacha. Lakini kwa kipimo tulichokiweka inashindwa mapema, kwa sababu polisi huanza kwa kumtafuta mtu, na picha hubaki mahali pake wakati mtu huyo akitafutwa. Nchi iliyotunga kosa la jinai na kuishia hapo haijayagusa majukwaa hata kidogo.

Saa zilizoandikwa ndani ya sheria

Mfano wa pili huliambia jukwaa moja kwa moja: ukipokea taarifa ya mwathiriwa, una saa kadhaa za kuiondoa picha. Marekani ilichelewa kufika hapa. Tangu 1996, Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya nchi hiyo kimeyakinga majukwaa yake dhidi ya madai mengi yanayotokana na kile ambacho watumiaji wamechapisha, na kwa miaka mingi mwathiriwa aliyetaka picha iondoke haraka alilazimika kujificha nyuma ya sheria ya hakimiliki ya 1998. Njia hiyo ilimfaa aliyejipiga picha mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye haki juu yake. Aliyepigwa na mwingine, au aliyerekodiwa kwa siri, hakuwa na hakimiliki yoyote ya kudai, kwa hiyo sheria ilimwona mvamizi kuwa ndiye mwenye mali.

Sheria ya Take It Down, iliyopita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 409 dhidi ya 2 na kutiwa saini tarehe 19 Mei 2025, ilibadilisha hali hiyo. Ilifanya usambazaji huo kuwa kosa la shirikisho, pamoja na picha za kughushi, kwa kifungo cha hadi miaka 2 pale mwathiriwa anapokuwa mtu mzima na hadi miaka 3 anapokuwa mtoto. Majukwaa yalipewa mwaka mmoja, hadi tarehe 19 Mei 2026, kuweka utaratibu wa kupokea maombi. Ombi halali likishapokelewa, picha iondolewe ndani ya saa 48, na jukwaa lifanye juhudi za kuridhisha kuziondoa nakala zinazofanana nayo kabisa ambazo linazijua. Jukwaa lisilotii hushughulikiwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho, kwa njia ileile inayotumika dhidi ya kampuni zinazowahadaa wateja.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mwathiriwa hahitaji kupita ofisi yoyote. Anaandika ombi, anaonyesha mahali picha ilipo, anatia saini kwamba kwa nia njema anaamini hakuna ridhaa iliyotolewa, na saa zinaanza kuhesabika. Kwa mtu anayeona aibu kusimulia habari zake mbele ya afisa asiyemjua, jambo hilo si dogo.

Hatari yake iko upande wa pili wa mizani, nami naiona kuwa kubwa kuliko wanavyokiri walioishangilia sheria hiyo. Jukwaa linaloondoa kwa nia njema hulindwa hata likikosea, ilhali linalochelewa huadhibiwa, na kampuni yoyote yenye akili itachagua kuondoa kwanza bila kuuliza. Sheria ya hakimiliki ya 1998, pamoja na dosari zake zote, inampa aliyeondolewa kazi yake nafasi ya kupinga na kurudishiwa. Sheria ya 2025 haikuweka utaratibu kama huo. Kwa hiyo mtu mwenye mamlaka anayetaka picha halali ya habari ifutwe, au mshindani anayetaka kumnyamazisha msanii, anaweza kutuma ombi la uongo akijua kwamba hakuna njia ya rufaa iliyoandikwa. Isitoshe, sheria imewaweka kando watoa huduma za barua pepe na wa intaneti bila kuzitaja waziwazi huduma za ujumbe uliosimbwa, ambamo kampuni yenyewe haiwezi kukiona kilichotumwa. Mwanya huo unaweza kutumiwa ama kuzilazimisha kampuni zivunje usiri wa watumiaji wote, ama kuwaacha waathiriwa wa makundi ya gumzo bila msaada.

India ilitumia mbinu inayokaribiana na hiyo katika Kanuni za Teknolojia ya Habari za 2021, ambazo kama zilivyotungwa ziliweka saa 24 tangu malalamiko yapokelewe, yawe ya mwathiriwa mwenyewe au ya mtu anayemwakilisha, na zikazitaja hata picha zilizobadilishwa kwa ufundi. Fimbo yake ni kwamba jukwaa lisilotii hupoteza kinga yake ya kisheria. Ni fimbo nzito, lakini haina vipimo vya kati: jukwaa hupoteza kinga au hubaki nayo, na mwathiriwa ndiye anayebaki na kazi ya kwenda mahakamani kuithibitisha.

Mdhibiti mwenye amri mkononi

Australia ilichagua njia ya tatu, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndiyo iliyojaribiwa kwa kipindi kirefu zaidi. Ofisi ya Kamishna wa Usalama Mtandaoni ilianzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya watoto, ikapanuliwa mwaka 2017 ili iwahudumie watu wote, na mwaka 2018 ikapewa mamlaka ya kushughulikia picha za faragha kwa njia ya madai badala ya jinai. Awali jukwaa lililopewa amri lilikuwa na saa 48. Sheria ya Usalama Mtandaoni ya 2021, iliyoanza kutumika tarehe 23 Januari 2022, ilipunguza muda huo hadi saa 24.

Tofauti yake na Marekani ni kwamba mtu wa kati anasimama baina ya mlalamikaji na jukwaa. Mwathiriwa hulalamika bila malipo, afisa huangalia kama picha inaingia katika tafsiri ya sheria, kisha ofisi huamua la kufanya. Mara nyingi huanza kwa ombi lisilo rasmi, ambalo majukwaa makubwa huliitikia, na amri huja pale ombi linapopuuzwa. Amri yenyewe inaweza kuelekezwa kwa jukwaa, kwa kampuni inayohifadhi tovuti kwenye seva zake, au kwa mtu aliyeichapisha picha. Hili la mwisho lina maana kubwa. Jukwaa likisema kwamba halina mamlaka juu ya tovuti fulani, mwenye seva anaweza kuguswa, na mwenye seva akiwa mbali, msambazaji aliye karibu anaweza kuamriwa aifute mwenyewe, kwa tishio la adhabu ya kifedha.

Kwa kuwa shauri ni la madai, uthibitisho unaotakiwa ni mwepesi kuliko ule wa jinai, na mwathiriwa asiyetaka mpenzi wake wa zamani afungwe, bali anataka tu picha iondoke, hapewi mzigo wa kuchagua kati ya jela na ukimya. Nimesoma hoja nyingi za kudai kwamba njia ya madai ni dhaifu mno kwa kosa zito kiasi hiki. Jibu lilitoka mwaka 2025, Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilipomwamuru mtu mmoja aliyechapisha picha za ngono zilizoghushiwa za wanawake wanaojulikana na umma alipe dola 343,500 za nchi hiyo. Fedha kiasi hicho haziitwi onyo jepesi. Adhabu ya jinai nayo haikuachwa, kwani marekebisho ya 2024 yaliweka kifungo cha hadi miaka 6 kwa kusambaza picha za ngono za mtu mzima bila ridhaa, zikiwemo zilizotengenezwa kwa mashine.

Udhaifu wa mfano huu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mipaka ya nchi. Mwezi Mei 2024 mahakama hiyohiyo ilikataa kuongeza muda wa zuio la muda dhidi ya jukwaa la X katika shauri la video ya shambulio la kisu. Shauri hilo halikuhusu picha za faragha, lakini lilionyesha jinsi ilivyo vigumu kwa mdhibiti wa nchi moja kudai kwamba kitu kifutwe duniani kote badala ya kufichwa kwa watazamaji wa nchi yake tu. Wa pili ni mdhibiti mwenyewe. Ofisi yenye uwezo wa kuamuru picha iondolewe ndani ya siku moja ni chombo kikali, na kikiwa chini ya waziri anayechukia kukosolewa, hakitachukua muda kabla ya kuanza kuita katuni na picha za maandamano "maudhui hatarishi".

Wajibu juu ya mfumo mzima

Uingereza na Umoja wa Ulaya, kwa njia tofauti, zimeliuliza jukwaa swali jingine: umejengaje huduma yako hata picha hizi zikapita? Chini ya Sheria ya Usalama Mtandaoni ya Uingereza, majukwaa yalitakiwa kutathmini hatari ya maudhui haramu na, tangu tarehe 17 Machi 2025, kuchukua hatua za kuizuia. Unyanyasaji kwa picha za faragha umewekwa miongoni mwa makosa ya kipaumbele, yaani yale ambayo jukwaa haliruhusiwi kukaa likisubiri malalamiko. Mdhibiti, Ofcom, anaweza kutoza faini ya hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, na akishindwa kabisa anaweza kuiomba mahakama iwaamuru watoa huduma za malipo, matangazo au intaneti waache kuihudumia tovuti hiyo.

Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, inawataka wenye majukwaa kuwa na njia rahisi ya kupokea taarifa, kutanguliza taarifa za mashirika yaliyoidhinishwa kuwa waripoti wa kuaminika, kumweleza aliyeondolewa kazi yake sababu za uamuzi, na kumpa nafasi ya rufaa. Majukwaa yenye watumiaji zaidi ya milioni 45 kwa mwezi ndani ya Umoja huo, miongoni mwao tovuti kadhaa za ngono, hupaswa pia kupima hatari za kimfumo, na ukatili wa kijinsia umetajwa kwa jina. Faini hufikia asilimia 6 ya mapato ya dunia nzima. Kwa upande wa haki ya kupinga uamuzi, hakuna mfano mwingine katika ulinganisho huu unaoikaribia sheria hii.

Sasa turudi kwa mtu wetu aliyegundua picha yake usiku. Ofcom haishughulikii malalamiko ya mtu mmoja mmoja, na kwa sheria kama ilivyopitishwa mwaka 2023, mwathiriwa wa Uingereza hakuwekewa idadi ya saa. Sheria ya Ulaya nayo inadai uamuzi ufanywe kwa wakati na kwa uangalifu, bila kutaja saa. Kampuni inaweza kuwa na tathmini nzuri ya hatari yenye kurasa mia, huku picha ya mtu huyo ikibaki hewani kwa wiki nzima. Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na mikono ya watu wa kujitolea na wa mashirika: huduma ya simu ya kuwasaidia waathiriwa iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2015 hufanikiwa kuondosha zaidi ya asilimia 90 ya picha inazoziripoti, lakini zinazobaki ziko kwenye tovuti zilizokusudia kutotii, na kwa hizo simu na barua pepe hazina nguvu.

Hata hivyo kuna jambo ambalo mfumo wa wajibu pekee ndio unaoweza kulifanya vizuri, nalo ni kuizuia picha isirudi. Huduma ya StopNCII, iliyozinduliwa Desemba 2021, humwezesha mtu mzima kutengeneza kwenye simu yake mwenyewe alama ya kidijitali ya picha, mithili ya alama ya kidole, na kuipeleka alama hiyo kwa majukwaa yaliyojiunga bila picha yenyewe kutoka mkononi mwake. Kwa walio chini ya miaka 18, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa kina huduma ya aina hiyo tangu 2023. Kazi hiyo ni nzuri, lakini inategemea hiari ya majukwaa, na picha ikikatwa pembeni au kubadilishwa sana alama inaweza kutoitambua. Mwezi Juni 2025 Ofcom ilipendekeza kwamba majukwaa ya aina fulani yalazimishwe kutumia alama hizo kuzuia picha za faragha. Naliona pendekezo hilo kuwa la maana zaidi kuliko faini yoyote iliyoandikwa katika sheria, kwa sababu linamwondolea mwathiriwa kazi ya kuwinda picha yake mwenyewe kila asubuhi.

Baraza la usuluhishi

Jimbo la British Columbia nchini Kanada lina mfano ambao hautajwi vya kutosha. Tangu tarehe 29 Januari 2024, mwathiriwa anaweza kuomba amri kwa njia ya mtandao katika baraza la kusuluhisha madai ya kiraia, bila wakili, na baraza likaamuru picha ifutwe au iondolewe kwenye injini za utafutaji. Sheria hiyo inatambua kwamba aliyekubali picha yake isambazwe anaweza kuibatilisha ridhaa yake baadaye. Mwaka 2025 baraza lililitoza jukwaa la X dola 100,000 za Kanada baada ya jukwaa hilo kuificha picha kwa watazamaji wa nchini humo tu badala ya kuiondoa. Tatizo la mipaka ya nchi halijatatuliwa hapo, lakini angalau lilifikishwa mbele ya mwamuzi aliye huru, asiyeamriwa na serikali.

Tafsiri ya "picha ya faragha"

Kabla ya kushindania saa na faini, inafaa kutazama kile ambacho kila sheria inakiita picha ya faragha, kwa kuwa mtu aliyeachwa nje ya tafsiri hawezi kusaidiwa na mfano wowote. Sheria ya Marekani inahesabu sehemu za mwili na matendo ya kingono. Ile ya Australia inakwenda mbali zaidi: inamlinda pia mtu ambaye, kwa dini au utamaduni wake, huvaa vazi fulani daima hadharani, endapo atasambazwa akiwa hana vazi hilo. Mwanamke wa hijabu aliyepigwa picha nywele zikiwa wazi nyumbani kwake analindwa na sheria hiyo, na katika nyingi nyingine hayupo. Kwa jamii ambamo heshima ya mtu huvunjwa kwa picha ambayo mgeni angeiona ya kawaida tu, kipengele hicho si pambo, nami ningependa kukiona katika kila rasimu.

Sharti la kuthibitisha madhara au nia, kwa upande mwingine, ningeliondoa kabisa. Kukosekana kwa ridhaa kunatosha.

Uchague upi?

Ningekuwa na nchi yenye mdhibiti huru kweli, anayeteuliwa kwa utaratibu usiotegemea matakwa ya mtu mmoja, na anayeweza kushtakiwa mahakamani akikosea, ningechagua mfano wa Australia kuwa kiini: malalamiko ya bure, amri ya saa 24, uwezo wa kumfikia mwenye seva, na njia ya madai inayosimama kando ya jinai. Juu yake ningeongeza wajibu wa Uingereza wa kuzuia tangu mwanzo, hasa kwa alama za kidijitali, na haki ya Ulaya ya kuelezwa sababu na kukata rufaa. Mchanganyiko huo unamhudumia mtu mmoja usiku ule na vilevile unaibadilisha nyumba anamopita mvamizi.

Mahali ambapo mdhibiti hana uhuru huo, ushauri wangu unageuka. Hapo kumpa ofisa wa serikali amri ya saa 24 ni kumpa upanga utakaotumika kwa mambo mengine, na waathiriwa watatajwa kila mara kama sababu. Mfano wa British Columbia unafaa zaidi, kwa kuwa mwenye kuamuru ni mwamuzi anayeandika sababu za uamuzi wake, na tafsiri yake imefungwa kwenye picha za faragha pekee. Utakuwa wa polepole kidogo. Ni gharama ninayoweza kuitetea mbele ya mwathiriwa, ingawa si kwa moyo mwepesi, na inaweza kupunguzwa kwa amri ya muda inayotolewa siku ileile huku shauri likiendelea.

Nchi isiyo na fedha za kuendesha ofisi wala baraza itavutiwa na njia ya Marekani, kwa sababu mzigo wote unabebwa na kampuni. Nisingeikataza, ila ningeiwekea mambo matatu ambayo Marekani haikuyaweka: njia ya kupinga uondoaji, adhabu kwa anayetuma ombi la uongo kwa makusudi, na kifungu kinachosema waziwazi kwamba ujumbe uliosimbwa hautafunguliwa kwa jina la sheria hii. Waathiriwa wenyewe wanauhitaji usiri huo, kwani wengi wao hutumia ujumbe wa aina hiyo kuomba msaada bila mtesi wao kujua.

Ukubwa wa soko nao hauwezi kufumbiwa macho. Asilimia 10 ya mapato ya dunia humtisha mwenye jukwaa pale anapoogopa kufungiwa soko lenye watumiaji mamilioni. Nchi yenye watumiaji wachache ikiandika faini ileile inaweza kupuuzwa, na kwake njia ya kupitia watoa malipo na injini za utafutaji ina nguvu zaidi. Desemba 2020, Visa na Mastercard zilipositisha malipo kwenye tovuti ya ngono ya Pornhub, tovuti hiyo iliziondoa mamilioni ya video za watu wasiothibitishwa kwa muda wa siku chache, jambo ambalo miaka ya malalamiko haikuwa imelifanya.

Na yapo matumizi ya fedha ambayo hayategemei mfano utakaochaguliwa. Korea Kusini, tangu Aprili 2018, ina kituo cha umma kinachowaondoshea waathiriwa picha bila malipo: watumishi wake ndio wanaozitafuta, ndio wanaoandika maombi, na ndio wanaorudi kuangalia kama zimepandishwa tena. Saa 24 au 48 huanza kuhesabika pale taarifa inapofika kwenye jukwaa, na mtu anayetetemeka mikono, asiyejua jukwaa lipi lina fomu ipi, anaweza kupoteza siku nzima kabla ya kuituma ya kwanza. Rasimu yoyote ya sheria hii iseme katika vifungu vyake vya mwanzo ni nani atakayeziandika taarifa hizo kwa niaba yake, na mshahara wa mtu huyo utatoka katika fungu gani la bajeti.